Mawe Aliyoyarudisha Shafi

Shafi hakuzaliwa mlimani, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyokubali kusema. Alizaliwa Kitale mjini, nyuma ya msikiti, katika nyumba ya fundi cherehani mwenye watoto saba na vyumba viwili. Kwao mlima Elgon ulikuwa kitu cha kutazama asubuhi ukipiga mswaki, basi. Alikuwa na miaka ishirini na miwili alipobeba mzigo wa wageni kwa mara ya kwanza kupanda huko juu, na siku hiyo alitapika mara tatu. Wapagazi wenzake walimcheka mpaka wakachoka. Mzee Kiptanui, aliyekuwa akiongoza msafara, hakucheka. Alimkalisha kwenye jiwe, akampa chai ya tangawizi kutoka thamosi yake, akamwambia apumue polepole kama mtu anayelala. Mtu akikuuliza kwa nini Shafi alimpenda mzee yule kuliko baba yake mzazi, mwambie ilianza na kikombe cha chai.

Miaka kumi aliyofuata nyuma ya Kiptanui ilimfanya naye awe mwongoza wageni, mwenye kadi ya kazi na viatu vyake mwenyewe. Mzee alikuwa amezaliwa upande wa Endebess na kuchunga kondoo kwenye nyika zile za juu kabla hajajua kusoma. Alijua miamba yote kwa majina, na Shafi alidhani anaijua kama watu wengine wanavyoijua, yaani kwa macho.

Wageni wengi walitaka kilele cha Koitobos, wapige picha, washuke. Wachache walitaka ziwa, ziwa dogo la maji meusi lililojificha chini ya ukingo, baridi yake ya kukata vidole. Njia ya kwenda huko ilipita juu ya mgongo mrefu wa mlima, kulia mteremko, kushoto mteremko, na nyasi za mafungu zilizofanana kila upande. Jua likiwaka, hata bibi arusi angepita na viatu vyake. Ukungu ukishuka, na kule hushuka bila hodi, mtu akiuona mkono wake mwenyewe anajiona ana bahati. Ndiyo maana waongozaji wa zamani waliweka marundo ya mawe, kumi na moja kwa hesabu, kutoka shingo ya ukingo, pale mgongo ule unapoanzia, hadi ziwani. Kila mwongozaji anayepita huongeza jiwe moja, kimya, bila kusimama kupiga soga. Kuondoa jiwe hakukuwa na adhabu iliyotajwa, kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiria kwamba mtu anaweza kuliondoa.

"Hii mawe si yangu na si yako," Kiptanui alimwambia siku ya kwanza. "Ni ya mtu yenye anakuja nyuma."

Shafi aliitikia, akaweka jiwe lake, na kwa muda mrefu maneno yale yalimtosha.

Mwaka 2003 ulikuwa mwaka wa njaa kwa watu wa kazi yake. Wageni walipungua, na hao waliokuja walikuja na ramani na vitabu vyao. Mwezi wa saba Shafi alikuwa amekaa kwenye baraza ya hoteli moja Kitale akingoja bahati, akawasikia wazungu wawili, mtu na mkewe, wakizungumza na mwenye hoteli. Walisema hawahitaji mwongozaji. Rafiki zao walikwenda ziwani peke yao mwaka jana, walifuata mawe tu, yanaonekana vizuri kabisa. Shafi aliinuka akaenda zake bila hata kumaliza soda.

Njiani kurudi nyumbani alikuwa anachemka. Mke wake Aaliyah alimuuliza kuna nini, akasema hakuna kitu. Lakini kichwani alikuwa ameshakata kauli. Yeye alikula mlima ule kwa sababu aliujua, na sasa mlima ulikuwa unajieleza wenyewe kwa kila mpita njia, bure, kwa mawe ambayo na yeye alisaidia kuyapanga. Hasira ya namna hiyo ina akili zake. Ilimwambia kwamba hakuna mtu atakayeumia. Mtu asiyeona njia hurudi alikotoka, na akirudi ataona umuhimu wa kuajiri mtu. Waongozaji wachanga watarudi. Wazungu watarudi. Yeye mwenyewe hahitaji mawe, na mzee Kiptanui ndiye kabisa, mzee angefika ziwani hata akiwa usingizini.

Mwisho wa mwezi ule alipanda peke yake, na kwa siku moja na nusu akayabomoa marundo yote kumi na moja. Hakuyasogeza tu. Aliyarusha moja moja chini ya miteremko, upande huu na upande ule, mpaka mabega yakawaka moto. Kwenye rundo la nne alilia kidogo, akajiambia ni upepo. Aliposhuka alipanga kumweleza Kiptanui siku hiyohiyo. Halafu akapanga kumweleza wiki ile. Alijua mzee angekasirika, akangoja apate maneno mazuri ya kuanzia, na maneno hayo hayakuja.

Wiki tatu baadaye, siku ya Ijumaa, alipotoka msikitini alikuta Aaliyah amesimama nje akimngoja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alimwambia kwamba Kiptanui alikwenda ziwani Jumatano na walimu wawili wanawake kutoka Nakuru. Walimu wamerudi jana jioni peke yao. Ukungu uliwakuta kwenye shingo ya ukingo, mzee akawaambia wakae wamngoje aangalie njia, akaenda, hakurudi. Waliita mpaka sauti zikakauka, kisha wakafuata nyayo zao wenyewe mpaka kwenye gari.

 Shafi alielewa papo hapo, pale mlangoni kwa msikiti, kile ambacho hakukifikiria wakati akirusha mawe. Mtu asiyeona njia hurudi, ni kweli. Lakini Kiptanui hakuwa mtu asiyejua njia. Alijua mawe yapo. Mtu anayejua mawe yapo ataendelea kuyatafuta.

Askari wa mbuga walipanda kupitia bonde la chini. Shafi aliwaomba wamwachie ukingo, akasema anaujua vizuri, na kila mtu aliona ni jambo la busara. Ukweli ni kwamba hakutaka mtu mwingine apite pale na kuuliza marundo yako wapi. Hata katika siku ile, mzee akiwa amelala nje usiku wa pili, alikuwa na nafasi moyoni ya kujihurumia. Aliita jina la mzee mpaka giza likaingia, akakesha chini ya mwamba, na asubuhi ya Jumamosi akamkuta.

Kiptanui alikuwa ameketi chini ya jabali juu ya ziwa, amejifunika koti, miguu imevimba na kuwa myeusi. Alikuwa hai. Midomo ilikuwa imepasuka, na neno la kwanza alilosema halikuwa maji.

"Mawe haikuwa," alisema. "Shafi, nimetafuta na mkono. Haikuwa."

Shafi alimnywesha maji, akamsugua mikono, akambeba mgongoni. Njiani ndipo mzee alipomweleza siri yake, kwa kuwa mtu aliyebebwa kama mtoto hana tena cha kuficha. Ilikuwa ni mwaka wa tatu macho yake yakifungwa na mtoto wa jicho, yote mawili. Mchana wenye jua aliona vivuli. Kwenye ukungu hakuona kitu. Hakumwambia mtu, maana mwongozaji asiyeona ni mwongozaji aliyemwaga unga. Badala yake alihesabu hatua kutoka rundo hadi rundo, akiyapapasa kwa fimbo, na fimbo ikigonga mawe alijua yuko nyumbani. Siku ile alihesabu hatua zake, akafika, fimbo ikapiga hewa. Akajua amekosea hesabu, akarudi, akahesabu tena. Alifanya hivyo mpaka hakujua tena alipo.

Shafi aliyasikia yote hayo yakisemwa karibu na sikio lake, pumzi ya mzee ikimpiga shingoni.  Alijiambia ngoja tufike kwanza, mtu apone kwanza.

Hospitalini Kitale walimkata mzee vidole vitano vya miguu. Kila aliyekuja kumwona aliambiwa habari ile ile, kwamba mawe hayakuwapo. Alisema kwa daktari, kwa wauguzi, kwa bintiye Chepkemei aliyekuja mbio kutoka Bungoma, na Chepkemei akamwamini. Alisimama katikati ya wodi akasema kwa sauti kwamba babake hajawahi kupoteza mtu na hajawahi kupotea, kwa hiyo kuna jambo huko juu, na lazima mtu aende akaangalie.

Na sasa ndipo Shafi alipofanya kosa la pili, ambalo mimi naliona baya kuliko la kwanza, ingawa alilifanya akitubu. Hakuweza kulala. Kila akifumba macho aliona mtu mwingine akipapasa pale ukingoni. Basi siku kumi baada ya uokoaji alipanda tena peke yake, na kwa siku mbili, kwenye mvua, akayakusanya mawe kutoka miteremkoni na kuyapanga upya. Yote kumi na moja, kila moja mahali pake. Vidole vilimtoka damu. Aliposhuka alihisi kifua kimepungua uzito, akala chakula cha Aaliyah mpaka sufuria ikabaki tupu. Alidhani amerekebisha.

Wiki iliyofuata ofisi ya mbuga ikatuma watu kukagua, kwa sababu wale walimu walikuwa wameandika barua kulalamika kwamba waliachwa. Aliyeongoza ukaguzi alikuwa askari mkubwa aitwaye Gicheru, mtu mpole, asiyeonea mtu. Akamchukua Shafi awaonyeshe njia. Walifika shingo ya ukingo saa nne asubuhi, mbingu nyeupe bila wingu, na rundo la kwanza likaonekana kutoka mbali sana. Walikwenda moja baada ya jingine. Shafi alitembea nyuma yao, akaona kitu ambacho wao hawakukiona: mawe mengi yalikuwa yamepinduka, upande wenye kuvu ya kijivu umelala chini na upande msafi uko juu. Mwongozaji yeyote mzee angeona kwamba yamepangwa juzi. Alingoja mtu aseme. Aliomba mtu aseme, ili asiseme yeye. Gicheru aliyahesabu akafika kumi na moja, akaandika kwenye daftari, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Mzee amechoka tu," alisema. "Si kosa lake."

Kesho yake Gicheru alikwenda mwenyewe hospitalini kumweleza mzee, akamkuta Shafi na Chepkemei wako kando ya kitanda. Hakutaka kumdhalilisha kwa barua. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akasema kwa upole kwamba marundo yote yapo na kwamba wanamwomba arudishe kadi yake ya kazi, apumzike. Chepkemei alianza kubisha. Kiptanui alimnyamazisha kwa mkono, akageuza uso kuelekea pale aliposikia Shafi akipumua.

"Wewe ulienda na wao?"

"Nilienda, mzee."

"Umeona hiyo mawe na macho yako?"

Hapo ndipo maisha ya watu wawili yalipopinduka, na hakuna aliyewasukuma. Neno moja tu lingetosha. Shafi alimtazama Gicheru, akaitazama sare yake, akawafikiria watoto wake, akafikiria jina lake likitajwa kila kijiwe cha chai kutoka Kitale mpaka Endebess.

"Nimeona," alisema.

Kiptanui alirudisha kichwa kwenye mto. Kisha akasema sawa, akaomba aletewe koti lake, akatoa kadi mfukoni. Tangu siku hiyo hakusema tena kwamba mawe hayakuwapo.

Chepkemei alimchukua babake akakae naye Kanduyi, kando ya mji wa Bungoma, kwenye nyumba yake ya mabati karibu na barabara. Alikuwa mpishi katika chuo cha wakulima huko Mabanga, hana mume, ana moyo wa kazi. Shafi alianza kwenda kila Jumapili. Alipitia Kiminini, akinunua parachichi kwa sababu mzee alizipenda, na kabla ya saa sita akawa amefika. Walikaa nje, mzee akiuliza habari za mlima, Shafi akijibu.

Aliyoyaona Jumapili zile yalimtafuna. Kiptanui hakuwa amepoteza vidole tu. Alikuwa hajiamini tena kwa jambo lolote. Alifunga komeo la mlango, kisha akamwita Chepkemei aje aangalie kama kweli limefungwa. Alikunywa uji, halafu akauliza kama ameshakunywa. Akienda chooni alihesabu hatua, akarudi katikati ya njia kuanza upya. Mtu aliyewahi kuongoza watu kwenye giza na barafu alikuwa sasa anaomba ruhusa ya kuinuka kwenye kiti.

Mwanzoni mwa mwaka 2005 madaktari wa macho walikuja Bungoma kwa wiki moja, wakipasua mtoto wa jicho bila malipo. Chepkemei alimwandikisha babake. Mzee akakataa katakata. Alisema shida yake si macho. Angekuwa amekosea kwa macho, angekubali. Lakini mawe aliyatafuta kwa mikono yake miwili, mikono ikamwambia hayapo, na kumbe yapo. Mtu kama huyo kichwa chake ndicho kimeharibika, na daktari wa macho atakifanyia nini kichwa? Chepkemei alimpigia Shafi simu akilia. Alimwambia zimebaki siku mbili, na Baba hamsikilizi mtu ila yeye.

Shafi alifika Kanduyi asubuhi yake. Njia nzima alikuwa amepiga moyo konde, na safari hii hakungoja maneno mazuri. Alimkuta mzee amekaa nje peke yake, akakaa chini mbele yake, akamshika magoti, akamwambia yote. Wale wazungu wa hotelini. Siku ile na nusu ya kurusha mawe. Kuyarudisha kwenye mvua, na jinsi alivyosimama hospitalini akasema nimeona. Alimwambia mikono yake haikumdanganya hata kidogo, kichwa chake ni kizima, ni yeye Shafi aliyemfanyia haya. Alilia bila aibu, kamasi zikimtoka, mtu mzima wa watoto watatu.

Kiptanui alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha uso wake ukalainika, akaanza kutabasamu.

"Chepkemei amekutuma," mzee alisema.

"Hapana, mzee. Wallahi ni mimi."

"Kijana yangu, sikiliza. Hakuna mtu anaweza toa hiyo mawe. Hata mwizi ya ng'ombe akipita huko anaweka moja." Alimpapasa kichwa. "Unataka kubeba kosa yangu ndio niende kwa daktari. Mimi nimezaa wasichana tu, lakini Mungu alinipea wewe. Asante."

Shafi aliapa kwa kila alichokijua. Alimtajia mawe yaliyopinduka, akamtajia rundo la nne. Kadiri alivyoongeza ushahidi, ndivyo mzee alivyozidi kuguswa na ukubwa wa upendo ule, mpaka yeye naye machozi yakamlenga. Akasema inatosha, wasizungumze tena habari hiyo, moyo wake umefurahi. Kwa daktari haendi.

Chepkemei alikuwa amesimama mlangoni, trei ya chai mkononi. Alikuwa amesikia tangu mwanzo. Alimwekea babake kikombe, akamwekea Shafi chake, akaingia ndani, na Shafi akajua kwamba kuna mtu mmoja katika nyumba ile aliyemwamini.

Alipoaga, Chepkemei alimsindikiza mpaka langoni, kama adabu inavyotaka. Shafi alianza kuomba msamaha, Chepkemei akamkatiza.

"Nyamaza. Nilimwambia kila mtu kwamba mawe haikuwa, na wewe ulikuwa umesimama hapo."

Shafi alisema atakwenda kwa Gicheru, ataandika barua, atafanya lolote atakaloambiwa. Akasema kama hataki kumwona tena, hatamwona. Alitamani Chepkemei amwambie hivyo. Alitamani afukuzwe.

"Ukienda kwa Gicheru, itafanya Baba aone?" Chepkemei aliuliza. "Hata akiamini leo, ni nini itabaki kwake? Macho hana. Miguu hana. Kichwa ameacha. Kitu moja ako nayo ni wewe." Alikuwa ameshika nguzo ya lango, sauti yake ikiwa ya chini kabisa. "Utakuja kila Jumapili kama kawaida. Utaleta hizo avokado. Akikuita kijana yangu, utaitika. Mpaka afe."

Madaktari waliondoka Bungoma Ijumaa. Kufikia Krismasi Kiptanui hakuona hata jua. Mwaka uliofuata vita vya kugombea mashamba vikazuka mlimani, wageni wakakoma kabisa, na Shafi akaishia kuuza viatu vya mitumba karibu na soko la Kitale. Kazi aliyoipigania kwa mawe yale ikafa bila kumngoja. Jumapili hakukosa hata moja. Majirani wa Kanduyi walimjua, wakawaambia vijana wao wamtazame Mwislamu yule wa Kitale, anavyomtunza mzee asiye hata wa kabila lake.

Na kila Jumapili, akisikia lango likilia, mzee aligeuza uso wake kuelekea njia na kuita, "Ni wewe, kijana yangu?"

"Ni mimi, Baba," Shafi aliitika, na Chepkemei akasimama mlangoni kuhakikisha ameitika.